Homa ya ini B kusini: tusubiri kinga ijitokeze, au tuanze dawa?

Chukua mfano wa kubuni wa dada na kaka wa Tandahimba, kusini mwa Tanzania, wote wawili waliambukizwa homa ya ini B utotoni. Dada ana VVU pia. Tangu aandikishwe CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, anameza kila siku kidonge chenye tenofoviri ndani yake, dawa inayofubaza VVU na virusi vya homa ya ini B kwa mpigo mmoja. Kabla ya kumpa, hakuna aliyehitaji kujua ini lake lina hali gani. Kaka hana VVU. Aligundulika alipochangia damu, akaambiwa arudi baada ya miezi sita apime tena vimeng'enya vya ini, na akipata nauli apime na wingi wa virusi. Virusi ni vilevile na dawa ni ileile. Aliyebahatika kutibiwa mapema ni yule mwenye magonjwa mawili.

Ukimwuliza daktari sababu, atakupa jibu lenye mantiki. Kirusi cha homa ya ini B chenyewe hakiui seli za ini. Zinazoziua ni askari wetu wenyewe, seli T, zinapozishambulia seli zilizoingiliwa. Seli zikivunjika, kimeng'enya cha ALT humwagikia kwenye damu. Ndiyo maana kwa miaka mingi ALT imesomwa kama kipimo cha kinga kwa njia ya mzunguko: ikiwa juu, kinga imeamka na inapigana, ikiwa chini huku virusi ni vingi, kinga imevivumilia. Na mwenye kinga iliyolala, ilisemwa, aachwe kwanza.

Kauli hiyo haikutoka hewani. Ilitokana na interferoni, sindano ya kila wiki kwa wiki 48, yenye homa, kushuka kwa chembe za damu na hata sonona. Interferoni hufanya kazi kwa kuisukuma kinga, kwa hiyo inamfaa zaidi mtu ambaye kinga yake tayari imeanza kazi. Mwenye ALT ya juu na virusi vichache aliitikia vizuri kuliko mwenzake. Watafiti walichunguza pia protini ya IP-10 kwenye damu, ambayo hupanda kinga inapoamka, na alama ya PD-1 juu ya seli T, ambayo huonyesha seli zilizochoka kwa kupigana muda mrefu. Hata katikati ya tiba waliendelea kupima: kwa aina za kirusi A na D, HBsAg, yaani protini ya ganda la kirusi inayopimwa kwenye damu, isiposhuka hata kidogo kufikia wiki ya 12, sindano husimamishwa, kwa sababu kuendelea ni kumtesa mgonjwa bure. Kinachouma ni kwamba aina A, iliyoenea sana Afrika Mashariki, ndiyo inayoiitikia interferoni kuliko nyingine, na sindano yenyewe ni ghali kiasi kwamba mkulima wa Nanyumbu hawezi hata kuiwazia.

Baadaye kikaja kidonge cha lamivudini. Nacho kilihitaji uangalifu, maana kikitumiwa peke yake kwa miaka mitano, usugu wa virusi ulifika takriban asilimia 70 ya wagonjwa. Wakati huo kumchelewesha mgonjwa kulikuwa na maana.

Tenofoviri ni kitu kingine. Inaziba kimeng'enya ambacho kirusi hutumia kujinakili, na inafanya hivyo kwa mwenye kinga kali na kwa mwenye kinga iliyochoka. Usugu wake ni nadra mno. Kwa maoni yangu, kanuni ya kusubiri ilizaliwa na sindano, ikarithiwa na kidonge ambacho hakiihitaji sana. Shirika la Afya Duniani linaelekea kukubali hivyo. Mwongozo wake wa 2015 ulitaka APRI, hesabu ya kukadiria makovu ya ini, izidi 2, au mtu awe na umri unaozidi miaka 30 pamoja na virusi zaidi ya uniti 20,000 kwa mililita na ALT iliyopanda. Ule wa Machi 2024 umeshusha APRI hadi 0.5 na virusi hadi 2,000, ALT ikihesabiwa imepanda inapozidi 30 kwa mwanamume na 19 kwa mwanamke. Pasipo na kipimo cha wingi wa virusi, ALT inayobaki juu inatosha kuanzisha dawa. Mwenye ndugu wa damu aliyeugua saratani ya ini, au mwenye kisukari, haulizwi mengi.

Sasa tuvilete vipimo hivyo nyumbani, maana hapa ndipo mambo yanapochanganyika. APRI ni hesabu rahisi: AST ya mgonjwa, kimeng'enya kingine cha ini, igawe kwa kiwango cha juu cha kawaida, zidisha kwa 100, gawa kwa chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Mwenye AST 40 pale ambapo mwisho wa kawaida ni 40, na chembe sahani 200, anapata 0.5. Anasimama mlangoni hasa. Mtu huyohuyo akipatwa na malaria mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea, chembe sahani zinaweza kushuka hadi 90. APRI yake inaruka hadi 1.1 bila ini kupata kovu hata moja jipya. Msimu wa mabibo nao unakuja na uraka na gongo, na pombe hupandisha AST kuliko ALT. Ongeza mizizi inayochemshwa nyumbani kwa kila ugonjwa. Kipimo kinasema ini limeumia, hakisemi nani kaliumiza.

Upande wa pili, kipimo kinaposema ini ni zima, kosa ni baya zaidi. Aina ndogo ya kirusi inayoonekana sana kwetu, A1, huacha mapema kuonyesha antijeni e, protini inayoashiria kirusi kinajinakili kwa wingi, na inahusishwa na saratani ya ini inayokuja ujanani. Vinasaba vya kirusi hujipachika ndani ya vinasaba vya seli za ini tangu miaka ya mwanzo, wakati ALT bado imetulia. Halafu kuna sumukuvu kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Ikikutana na homa ya ini B, hatari ya saratani inazidishwa. Kijana mwenye ALT ya kawaida anayekula karanga hizo hana muda mwingi kama grafu za Ulaya zinavyodhani.

Wanaotaka kusubiri wana hoja nzito, na sitaipunguza uzito. Kati ya watu wazima wenye maambukizi sugu, wanaofikia sirosisi, yaani ini kujaa makovu, au saratani ni asilimia 20 hadi 30. Ukiwapa wote dawa, wengi wao utawatibu ugonjwa ambao usingewafika. Tena si dawa ya wiki mbili. Kirusi huacha kwenye kiini cha seli nakala ya duara ya vinasaba vyake ambayo tenofoviri haiigusi, kwa hiyo HBsAg hupotea kwa takriban mtu mmoja tu kati ya 100 kwa mwaka. Wengine wote wanameza maisha yao yote, huku figo zikifuatiliwa. Dawa ikikatika ghafla, virusi hurudi kwa kishindo na kinga hushambulia ini kwa hasira. Mwenye sirosisi anaweza kufa.

Mkulima wa korosho anazielewa hoja zote mbili, ya kuwahi na ya kusubiri, bila daktari. Salfa hupigwa maua yanapoanza kutoka, kabla ubwiriunga haujaonekana, kwa sababu anayesubiri kuona unga mweupe amekwisha poteza maua. Lakini salfa ukiikosa mwaka mmoja unapoteza mavuno ya mwaka huo. Tenofoviri ukiikosa Aprili, fedha za mnada zikiwa zimekwisha, unaweza kupoteza ini. Hofu yangu kubwa kuhusu kutibu watu wengi iko hapo, kwenye mnyororo wa dawa, kuliko kwenye kinga au vipimo. Bei peke yake haipaswi kuwa kisingizio: katika ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2024, bei rejea ya kimataifa ya tenofoviri ilikuwa dola 2.4 kwa mwezi. Na mnyororo unaofika mpaka vijijini tupo nao tayari, ni ule wa CTC. Wenye homa ya ini B pekee wangeweza kuchukua dawa zao kwenye dirisha hilohilo, mradi tuwe tayari kupambana na aibu ya kuonekana umesimama pale. Si jambo dogo, kwa sababu jirani haulizi umefuata kidonge kipi.

Je, alama za kinga hazina kazi basi? Zinayo, ila mwishoni mwa tiba zaidi kuliko mwanzoni. Kumjua anayeweza kuacha dawa salama kunahitaji kupima wingi wa HBsAg, na huenda siku moja kupima uchovu wa seli T. Takwimu za Asia zinaonyesha kwamba aliyeshuka chini ya uniti 100 kwa mililita ana nafasi nzuri akiacha. Viwango hivyo vimetokana kwa kiasi kikubwa na wagonjwa wa Asia na Ulaya. Kuvileta Masasi kama vilivyo ni kurudia kosa la kanuni ya interferoni. Vilevile, ALT inayopanda kwa mwenye VVU miezi michache baada ya kuanza dawa mara nyingine ni kinga inayofufuka. Anayeisoma vibaya anaweza kumwachisha mgonjwa dawa inayomwokoa.

Kwa hiyo fedha zikiwa chache, ningeanza na kununua katriji za virusi vya homa ya ini B kwa mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu, kabla ya maabara yoyote ya seli T. Mjamzito mwenye HBsAg, pasipo na kipimo cha virusi wala cha antijeni e, apewe tenofoviri kumkinga mtoto, kama mwongozo wa 2024 unavyoruhusu. Ninayeweza kukubali asubiri ni kijana mwenye ALT chini ya kiwango, APRI chini ya 0.5 iliyopimwa akiwa hana malaria, virusi chini ya 2,000, asiye na saratani ya ini kwenye ukoo wake, na ambaye kituo kina namba yake ya simu ili aitwe baada ya miezi sita. Sharti moja likikosekana, hata lile la simu, aanze dawa.