Acheni kumfunga mtu mdomo kwa "Mungu anatosha"

Juzi kwenye grupu la watumishi mtu mmoja kaandika kwamba amechoka, na si ule uchovu wa kulala ukaamka uko sawa, anasema anahubiri, anaombea watu, anarudi ndani hana hata wa kumpigia simu. Unajua alijibiwa nini? "Mungu anatosha mtumishi, usiangalie wanadamu." Mmoja akaweka amina, mwingine vile vimikono vya maombi, halafu hapohapo likashuka tangazo la semina. Kwisha habari.

Sasa jamani, mimi sipingi kwamba Mungu anatosha. Anatosha! Kinachonikera ni kulitumia neno hilo kumnyamazisha mtu anayeumia ili sisi tusisumbuke. Na mara nyingi anayelisema nyumba yake imejaa watu na simu haipoi.

Wote tunaikariri ile ya Wafilipi 4, Paulo kajifunza kuwa radhi katika hali yoyote. Sawa, tena kaandika akiwa kifungoni, hapo hatubishani. Ila huyohuyo Paulo msome kwenye 2 Timotheo 4, yuko kwenye minyororo, Dema, mwenzake wa huduma, kamwacha kaenda zake Thesalonike, kabaki na Luka tu, na siku ya kujitetea mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesimama naye. Je, anajipiga kifua kwamba hahitaji mtu? Wapi! Anamwambia Timotheo njoo upesi, njoo kabla ya baridi, na ukija niletee lile joho nililoacha Troa kwa Karpo na vile vitabu, hasa vya ngozi. Joho! Mtume mzima anasikia baridi na anataka nguo yake. Anamtaka na Marko, yuleyule aliyewahi kumwacha yeye na Barnaba njiani kule Pamfilia. Na kwenye sura hiyohiyo anasema Bwana alisimama naye akamtia nguvu. Yote mawili yamekaa pamoja wala hayagombani. Kwa hiyo ukiniuliza kuridhika na Mungu ni nini nitakwambia ni kumsubiri Timotheo kwa hamu kabisa, na asipotokea bado una wa kukushika, na akitokea humbebeshi mzigo ambao ni wa Mungu peke yake kuubeba.

Nabii Eliya naye alipoomba kufa chini ya mti wa mretemu hakupewa mahubiri, alipewa mkate na maji akalala tena.

Adoniram Judson, mmisionari Mmarekani aliyehudumu Burma, Myanmar ya leo, mkewe Ann alifariki 1826, miezi michache mbele mtoto wao naye akafuata. Alijitenga msituni, akachimba kaburi lake mwenyewe akawa anakaa kando yake. Huyo ndiye aliyekuja kumaliza kutafsiri Biblia nzima kwa Kiburma 1834, na mwaka huohuo akaoa tena. Nadhani leo angeambiwa hana imani.

Haya, nakubali kwa shingo upande, upweke mwingine tunajitafutia. Ukiulizwa hali unajibu "tunamshukuru Mungu" huku umevimba macho, nani atajua? Lakini ukichungulia meseji za mchungaji utaona: mtumishi niombee, mtumishi nina ndoto, mtumishi mtoto anaumwa, mtumishi uko wapi mbona hupokei. Wa kuuliza umekula utamtafuta mpaka uchoke.

Na kuna jambo linatumaliza kimyakimya, tunaifungua Biblia kama watu wa kutafuta mahubiri ya Jumapili. Kila mstari tunauuliza utawafaa akina nani. Miaka inapita unalisha wengine, wewe mwenyewe hujakaa mezani. Zaburi ya 63 inataja jangwa la Yuda, na Daudi yuko kitandani usiku anamkumbuka Mungu mpaka nafsi yake inashiba kama aliyekula vinono, na hapo hakuna mkutano, hakuna kwaya, hakuna anayemsikiliza. Isome hiyo usiku bila kalamu, na wazo la "hii itafaa ibada ya pili" likija, liache lipite, ibada ya pili itajitegemea. Halafu asubuhi mpigie mtu simu umwambie ukweli kwamba uko mpweke.