Namba ya tatu kwenye mashine ya presha

Mzee wa Kiingereza wa kitanda cha jirani karudishwa wodini baada ya kuchomwa ndani ya moyo, na neno lake la kwanza lilikuwa lawama: mkate umepoa! Nilitaka kucheka, kinena kikanikataza. Nami nilikuwa nimetoka kwenye ablesheni asubuhi hiyo, tiba ya mapigo ya moyo yanayokwenda ovyo, ugonjwa ambao madaktari huuita atrial fibrillation. Waya hupitishwa kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, unatoboa ukuta kati ya vyumba viwili vya juu, kisha daktari anachoma kuzunguka midomo ya mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Huko ndiko umeme kichaa unaoyavuruga mapigo huanzia mara nyingi, kama walivyoonyesha daktari Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1998. Jioni nikarudi nyumbani.

Najua hapa mnanisubiri. "Haya, kaanza, Ulaya kila kitu kizuri." Sijasema hivyo. Foleni ya huku niliikaa mpaka nikachoka, na barua za kuahirisha ninazo. Wala sitambi kwa mitambo. Muhimbili tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete tangu 2015, Cathlab, chumba cha kutibu moyo kwa kupitisha waya mshipani, ipo, betri za moyo zinawekwa, na nikiitaja mbele ya hawa watu natanua kifua. Kinachonikera hakihitaji mtambo.

Mimi nilikwenda kliniki kwa ajili ya goti. Muuguzi akanishika kifundo cha mkono, akanyamaza, akashika tena, akaniambia nisubiri nipimwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Basi, ugonjwa ukaonekana.

Mama mkubwa wangu, Korogwe, alipimwa presha miaka na miaka. Moyo ukimdunda ovyo, presha. Akiishiwa pumzi, presha. Ile mashine ya duka la dawa mnaijua, inatoa namba tatu, ya juu, ya chini na mapigo. Tunasomewa mbili. Mashine nyingine zina hata alama ndogo ya moyo inayowaka mapigo yakienda kombo, na muuzaji anadhani betri imeisha. Siku upande wake wa kulia ulipolala kwa kiharusi ndipo alipopigwa ECG ya kwanza maishani, na ugonjwa ukawa huuhuu wangu.

"Kwa hiyo unataka ablesheni Korogwe?" Hapana, ndugu yangu, soma vizuri. Ablesheni inatuliza mapigo, na wakati mwingine vurugu hurudi ukachomwa tena. Kiharusi ni habari nyingine. Chumba cha juu kikitetemeka badala ya kusukuma, damu inatuama, inaganda, bonge linapanda kichwani. Hatari huongezeka karibu mara 5. Kinachozuia hilo ni vidonge vya kuzuia damu kuganda, na mwenye hatari kubwa huendelea kuvimeza hata akishachomwa. Mama mkubwa hakukosa Bordeaux. Alikosa vidonge, na alivikosa kwa sababu hakuna aliyemgusa mkono.

Mwingine atasema vidonge vipya ni ghali. Kweli. Na kwa wale ambao valvu yao imebanwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, ambao kwetu ni wengi, utafiti wa INVICTUS wa 2022 uliona wafarini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, inawafaa kuliko rivaroxaban, kimojawapo cha hivyo vipya. Tatizo wafarini inadai kila mara kipimo cha INR, cha kuangalia damu inachukua muda gani kuganda, na INR ukitaka panda basi uende mjini. Hapo nawapa haki yenu, hilo ni la bajeti na kidole hakilitatui.

Lakini msiniambie wahudumu ni wachache na foleni ni ndefu. Foleni hiyohiyo tunapimwa uzito na joto, na yule anayetufunga mpira wa presha tayari kaushika mkono wetu. Asogeze vidole viwili kwenye kifundo, ahesabu nusu dakika, na mapigo yakipishana amwandikie mtu ECG. Nani wa kuniita mringaji kwa hilo?