Hasi na hasi ni chanya? Inategemea

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha kwanza −3 − 5 ni ngapi. Si ajabu akakujibu 8 bila kusita, na ukimwuliza kaipataje atakukaririsha: "Hasi na hasi ni chanya." Kwangu mimi mtoto huyo hana kosa. Kapewa kanuni iliyokatwa mkia. Hasi na hasi huwa chanya unapozidisha au kugawanya. Kwenye kujumlisha, hasi mbili huzaa hasi kubwa zaidi. Unadaiwa dukani 3,000, umekopa tena vitu vya 5,000, halafu wewe ndiye umdai mwenye duka 8,000? La, deni limefika 8,000. Ndivyo −3 − 5 inavyokuwa −8.

Brahmagupta wa India aliyapanga haya mwaka 628, akiita chanya mali na hasi deni. Deni likijumlishwa na deni ni deni. Deni likizidishwa kwa deni ni mali. Kanuni mbili, kila moja na mahali pake. Sisi tumezibana kuwa wimbo mmoja.

Na hiyo ya kuzidisha haifai kumezwa tu. Tunajua 5 + (−5) = 0, kwa hiyo −3 ikizidisha jumla hiyo lazima itoe 0. Sehemu ya kwanza, −3 × 5, ni −15. Ili tufike sifuri, −3 × (−5) haina budi kuwa 15. Basi. Mistari mitatu ubaoni, sijui kwa nini tunaiogopa.

Tatizo jingine ni MAGAZIJUTO, yaani mpangilio wa kufanya hesabu: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kifupisho kizuri, ila JU imetangulia TO, na mtu akikifuata neno kwa neno, 10 − 4 + 3 inakuwa 10 − 7, yaani 3. Jibu sahihi ni 9. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja: unaanza kushoto kwenda kulia. Dawa yangu ni kuifunga alama na namba iliyo kulia kwake na kuandika upya: 10 + (−4) + 3. Hapo hata ukibadilisha mpangilio, jibu halibadiliki. Vivyo hivyo 4 − (−6): alama ya kwanza inaamuru kutoa, ya pili ni ya namba yenyewe. Kumtoa hasi ni kumjumlisha kinyume chake, hivyo 4 + 6, yaani 10.

Vipeo ndivyo vinavyowanasa hata wakubwa. Kihisabati, −3² ni −9, maana kipeo kinaishika 3 peke yake. (−3)² ndiyo 9. Lakini andika =-3^2 kwenye Excel, utapata 9, kwa sababu programu hiyo huanza na alama ya hasi. Mhasibu anayetaka −9 itambidi aandike =-(3^2).