Gari lisilo na spea: ubebe ya kwako au uamini kichupa?

Usiku ule nilijua kwa mlio. Shimo lilikuwa limejaa maji ya mvua, lami na maji havikutofautiana, na gurudumu la mbele kushoto likatumbukia lote. Hatua mia mbele, usukani ukaanza kuvuta upande. Nilisimama, nikafungua buti, nikanyanyua zulia. Pale nilipozoea kuona tairi miaka yote palikuwa na kipande cha povu gumu kilichochongwa kwa ustadi, na ndani yake pampu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la sigara pamoja na chupa ya dawa ya kuziba pancha. Nikasoma maelekezo kwa tochi ya simu, nikafuata hatua moja moja. Pampu ikaunguruma. Dawa ikaingia tairini na kutokea papo hapo ubavuni, kwenye mpasuko wa urefu wa kidole, ikanichuruzikia juu ya viatu.

Kwa hiyo sitajifanya mwamuzi asiye na upande. Ila hasira zilipoisha nililichunguza jambo lenyewe, na nikaona kwamba walioondoa spea, yaani tairi la akiba, kwenye magari wana hoja za kweli. Wale wanaosema "si ununue spea tu uitupie kwenye buti" nao wameishia nusu ya sentensi.

Kwanza tukumbuke kwamba magari ya mwanzo kabisa nayo hayakuwa na spea. Dereva alipata pancha, akavua koti, akaziba palepale barabarani. Mwaka 1904, katika mji wa Llanelli huko Wales, ndugu wawili wa ukoo wa Davies walianza kuuza gurudumu lisilo na spoki, tayari limevishwa tairi lenye upepo, ambalo lilibanwa kando ya gurudumu lililopata pancha ili safari iendelee. Waliliita Stepney, jina la mtaa walikokuwa na karakana yao, na hadi leo India watu wengi wakitaka kusema spea husema stepney. Maana yake ni kwamba biashara ya kumuuzia mtu tairi la akiba ambalo gari halikuja nalo ina zaidi ya miaka mia moja. Tumerudi tulikoanzia.

Tumerudije? Sababu kubwa ni uzito na nafasi. Umoja wa Ulaya uliwawekea watengenezaji wastani wa gramu 130 za kaboni dioksidi kwa kilomita kwa magari mapya kufikia 2015, kisha ukaushusha hadi gramu 95 kuanzia 2020. Ukibanwa namna hiyo, kila kilo unayoweza kuitoa kwenye gari unaitoa, na spea pamoja na jeki na wili spana yake ni kilo 15 hadi 25 zinazozunguka bure kila siku. Nafasi nayo ina wagombea wengi: betri ya gari la haibridi, siti za mstari wa tatu, spika ya besi. Kwenye magari mengi ya umeme, shimo la spea halipo kabisa. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilihesabu mwaka 2017 kwamba 28% ya magari mapya ya mwaka huo hayakuwa na spea kama kifaa cha kawaida.

Hoja ya uzito inahitaji kupimwa, maana ndiyo inayotajwa zaidi. Makadirio ya serikali ya Marekani ni kwamba kilo 45 za ziada hupunguza umbali unaokwenda kwa lita moja kwa takriban 1%. Spea nyembamba na jeki yake, tuseme kilo 18, haifiki hata nusu ya 1%. Mwenye gari moja hataiona tofauti hiyo hata akiandika kila lita daftarini. Anayeiona ni kampuni inayouza magari kwa mamilioni na kupigwa faini kwa wastani wake. Kwa hiyo anayekwambia usibebe spea kwa sababu itakula mafuta anakupa hesabu ya kiwanda, na wewe si kiwanda.

Kuna hoja nzito zaidi ambayo mashabiki wa spea hawapendi kuisikia. Kubadilisha tairi kando ya barabara yenye magari ya kasi ni kazi ya hatari. Umechuchumaa, mgongo umeupa barabara, gari limesimama kwa jeki juu ya ardhi usiyoijua, na nati zimekazwa kwa mashine na fundi ambaye hakukufikiria hata kidogo. Magurudumu ya magari makubwa ya siku hizi yana kilo 25 au zaidi kila moja. Wengi wenye spea hawawezi kuifunga, na hilo si suala la uvivu. Kwa msumari wa kawaida uliozama katikati ya kashata za tairi, chupa na pampu ni suluhisho zuri kuliko jeki: huinui gari, hufungui nati, dakika kumi umeondoka. Isitoshe, sensa za upepo ni lazima kwenye magari mapya Marekani tangu 2007 na Umoja wa Ulaya tangu mwishoni mwa 2014. Taa inawaka wakati tairi bado lina upepo wa kukufikisha kwa fundi. Pancha nyingi za polepole huishia hapo, bila mtu kusimama gizani.

Kama pancha zote zingekuwa za msumari, ningeishia hapa na kusema asanteni, tumeelewana.

Shida ni kwamba dawa ya chupa ina mipaka, na mipaka hiyo imekaa palepale ambapo tairi la kisasa ni dhaifu. Huziba tundu dogo, kwa kawaida lisilozidi milimita 6, na ni kwenye uso unaokanyaga barabara tu. Ubavu haizibi. Mpasuko haizibi. Rimu iliyopinda hadi upepo ukavuja pembeni, haizibi. Sasa chukua tairi la zamani la 175/70 R13, yaani upana wa milimita 175 kwa rimu ya inchi 13: ubavu wake ni 70% ya upana, yaani kama milimita 122 za mpira kati ya rimu na barabara. La kwangu ni 225/45 R18, ambalo ubavu wake ni milimita 101. Rafiki yangu mmoja anatembelea 235/35 R19, milimita 82 tu. Gurudumu likigonga ukingo wa shimo, mpira hubanwa kati ya ukingo na rimu, na kadiri ubavu unavyokuwa mfupi ndivyo unavyokatika upesi. Magari yenye matairi ya ubavu mfupi namna hii ndiyo mara nyingi huuzwa bila spea. Umepewa tairi linalochanika na dawa isiyotibu mchaniko.

Chupa yenyewe pia huzeeka. Ina tarehe ya mwisho, mara nyingi miaka michache tu, na anayenunua gari lililokwisha kutumika mara chache hukumbuka kuigeuza aisome. Ukishaitumia, fundi wa matairi atakutazama kwa jicho baya, kwa sababu inabidi aoshe ule ute ndani kabla ya kuziba, na wakati mwingine sensa ya upepo inakuwa imeziba nayo.

Wapo watakaosema: na ranflati je? Ni matairi yenye ubavu mgumu unaobeba gari hata upepo ukiisha, kwa kawaida hadi kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Chevrolet Corvette ya 1997 ilikuja nayo bila spea yoyote, na kampuni nyingine zikafuata. Ni kinga halisi, hata kama inakutikisa mifupa. Mtego uko kwa mmiliki wa pili au wa tatu. Matairi yakiisha, anaona bei, anaweka ya kawaida, na tangu siku hiyo gari halina ranflati, halina spea, na chupa halikuwahi kuwa nayo. Kama umenunua gari lililotumika, kabla ya kuendelea kusoma hebu nenda ukaangalie una nini.

Basi, kubeba spea ya kununua mwenyewe. Naunga mkono, lakini ndipo ile nusu ya pili ya sentensi inapokuja, na ndiyo ndefu.

Rimu mbili zenye matundu matano zinaweza kufanana kabisa machoni na zisiwe za gari moja. Mduara wa nati, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu yake, wa moja ni milimita 112, wa nyingine ni 114.3. Milimita mbili na ushee huwezi kuziona, na ukilazimisha nati zitashika, lakini zitakaa mshazari, gurudumu litayumba, na nati zitaanza kulegea zenyewe. Halafu kuna tundu la katikati linalokaa kwenye habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu, na umbali ambao rimu inaingia ndani au kutoka nje. Magari yanayotumia bolti badala ya nati yana jambo lake: bolti za rimu nene ya aloi zinaweza kuwa ndefu mno kwa rimu nyembamba ya chuma, zikapenya hadi kugusa sehemu za breki huko nyuma. Watengenezaji wengine huweka bolti fupi pembeni kwa ajili ya spea, na sababu ndiyo hiyo.

Kipenyo nacho kina maana. Tairi langu la 225/45 R18 lina milimita 660 kutoka ukingo hadi ukingo. Spea nyembamba ya T135/90 R16 ina 649. Tofauti haifiki 2%, na kwa safari ya kufika kwa fundi inavumilika. Ikizidi hapo, magurudumu mawili ya ekseli moja yanazunguka kwa kasi tofauti na difu, gia inayoyaruhusu yapishane kasi kwenye kona, inafanya kazi hata ukienda moja kwa moja. Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne ni mbaya zaidi, kwa sababu kiungo cha kati kinachogawa nguvu huchemka. Mwenye gari la aina hiyo afadhali atafute spea ya saizi kamili, au asome kitabu cha gari kabla ya kujidai. Spea hizi nyembamba pia hujazwa upepo mwingi kuliko tairi la kawaida, psi 60, na mwendo wake mwisho ni kilomita 80 kwa saa. Ni nusu shari, na nusu shari ina masharti.

Kuna jambo ambalo ningelifanya la kwanza kama ningekuwa na mamlaka: kufunga. Spea ya kiwandani imebanwa kwa bolti ndani ya shimo lake. Ya kwako inalala juu ya zulia nyuma ya vichwa vya watoto. Gari likigonga kitu na kusimama ghafla, mshtuko wa mara 20 ya nguvu ya uvutano si wa ajabu, na hapo gurudumu la kilo 14 linasukuma mbele kama mzigo wa kilo 280. Kulikandamiza kwa begi la nguo si kulifunga. Mikanda ya racheti, ile yenye kikazio cha meno, iliyopitishwa katikati ya rimu na kukazwa kwenye pete za chuma za sakafu ya buti inatosha. Kama gari lako halina pete hizo na huna namna nyingine ya kulifunga, nasema wazi kwamba afadhali ubaki na chupa.

Umri usisahaulike. Mpira huzeeka hata ukiwa haujakanyaga barabara. Tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT ubavuni ndizo wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Spea ya mtumba inayong'aa kwa sababu haijawahi kutumika inaweza kuwa na miaka kumi na tano.

Ukijumlisha yote, msimamo wangu ni kwamba spea ni kifaa cha safari. Mjini, ambako simu inashika na fundi yuko karibu, chupa na pampu vinatosha, na buti libaki kwa ajili ya mizigo. Safari ya mbali, usiku, barabara mbovu, hapo spea inaingia na kufungwa. Pampu naiacha garini siku zote, maana spea nayo hupungua upepo ikiwa imelala.

Hata hivyo nilikosea mwanzoni. Ile T135/90 R16 niliinunua kwa hesabu zote hizi: mduara wa nati sawa, tundu la kati sawa, kipenyo karibu sawa. Jumamosi moja nikainua gari nyumbani, nikaijaribu nyuma, ikazunguka vizuri. Nikahamia mbele, nikakaza nati mbili, nikaisukuma kwa mkono. Haikusogea. Rimu ya inchi 16 ilikuwa imekaa juu ya kalipa ya breki ya mbele, kile kibanio cha diski, kama kofia. Kwa pancha ya mbele ingebidi kwanza nitoe gurudumu zima la nyuma nilipeleke mbele, kisha spea niifunge nyuma: jeki mara mbili, mvuani. Nimemwachia jirani ambaye gari lake lina breki ndogo. Niliyonayo sasa ni T135/80 R17, na kati yake na kalipa kidole changu kidogo kinapita.