Umeme Ulipokatika Safu ya G

Kabla hamjaendelea kutumiana ule ujumbe wa sauti wa rafiki yangu, naomba na mimi nisikilizwe. Simtaji jina, anajijua, na deni langu hajalipa. Amesema nilifanya mtihani mzima wa watu. Mwongo! Niliishia swali la tatu. Amesema eti niliomba na karatasi ya nyongeza. Hilo… tutalifikia.

Ilikuwa jana, mtihani wa mwisho wa semista. Semista hii niliianza kwa kishindo, mashahidi mpo. Ratiba ya kujisomea niliichora kwa kalamu za rangi nne nikaibandika ukutani juu ya kitanda. Wiki ya kwanza nakaa kiti cha mbele, mhadhiri akikohoa naandika. Wiki ya tano nimeshahamia katikati. Kufika wiki ya kumi nakaa mlangoni kabisa, waliochelewa wananiuliza kama wanaruhusiwa kuingia. Ratiba yenyewe ilibanduka usiku mmoja wa joto ikaniangukia usoni, nikaitumia kujipepea.

Basi zimebaki siku chache ndipo nikakumbuka kuwa nina somo linaitwa Kumbukumbu na Kujifunza. Ndiyo, nililisahau somo la kumbukumbu. Chekeni tuendelee.

Usiku wa kuamkia mtihani nikakesha na madesa, yaani notisi za somo. Nikambukua Ebbinghaus mzimamzima, yule Mjerumani aliyejikaririsha silabi zisizo na maana kisha akajipima anavyozisahau, akatoa kitabu mwaka 1885. Aliona kwamba saa moja tu baada ya kukariri, zaidi ya nusu imeshayeyuka. Habari hiyo naisoma saa kumi na moja alfajiri, na mtihani ni saa tatu. Hesabu mnaijua. Nikalala dakika 40.

Ukumbi wa mitihani, kwa ambao hamjawahi kuteseka humo, unachanganya kozi: safu hii watu wa kozi hii, safu inayofuata watu wa kozi nyingine, ili msichunguliane. Mlangoni kuna karatasi ya kukuelekeza. Saikolojia, kozi yangu, ilikuwa safu ya C. Sasa tuwe wakweli, G ni C iliyong'ata ulimi. Kwa macho niliyokuwa nayo jana, nikaona kiti kitupu safu ya G, nikakaa, nikamshukuru Mungu kwa kunifikisha.

Jalada la mtihani huwa limeandikwa jina la somo, najua. Lakini nani anasoma jalada?

Swali la kwanza: Tofautisha kumbukumbu ya muda na kumbukumbu ya kudumu, kwa mifano. Jamani, nusura nilie kwa furaha. Nikamwaga! Nikamweka mwanasaikolojia George Miller wa mwaka 1956 na ile saba yake, ongeza mbili punguza mbili, kwamba ndiyo idadi ya vitu ambavyo akili inaweza kuvishikilia kwa wakati mmoja. Mfano wa kumbukumbu ya muda: namba ya simu uliyotajiwa sasa hivi. Mfano wa kumbukumbu ya kudumu: jina la mtu wa kwanza kukukataa. Kurasa tatu hizo.

Swali la pili: Kwa nini kumbukumbu ya muda hupoteza yaliyomo umeme unapokatika?

Hapa nilisita kidogo. Nikajisemea, mhadhiri wetu huyu kwa mafumbo hajambo. Si seli za ubongo hupelekeana habari kwa umeme? Basi umeme kukatika ni kuzimia. Nikaandika, "Mgonjwa anapozimia…" na hapo sikushikika tena. Nikamleta mgonjwa maarufu H.M., aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 akatoka hawezi kuweka kumbukumbu mpya. Nikahitimisha kwa kushauri kwamba mhusika asilaumiwe, apewe muda na upendo.

Kitabu cha majibu kikajaa. Nikanyoosha mkono.

Haya, sasa tumelifikia. Niliomba karatasi ya nyongeza. Wa kwanza ukumbi mzima, saa moja haijaisha. Safu yangu yote ikageuka kunitazama, nami nikawaonea huruma. Kule safu ya C rafiki yangu alikuwa ananipungia mkono tangu mtihani uanze. Nikamwonyesha dole gumba. Akajishika kichwa kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, maskini, mtihani umemshinda.

Swali la tatu. Hapa twendeni polepole, kwa sababu mimi mwenyewe nilikwenda polepole.

"Kumbukumbu ya gigabaiti 8 ina baiti ngapi? Andika jibu kwa namba mbili yenye kipeo."

Nikasoma. Nikarudia. Naapa, wazo la kwanza lililonijia ni: Ebbinghaus gigabaiti alizitoa wapi? La pili: itakuwa ni zile kurasa nilizoziruka. Nikatupa jicho kushoto. Jirani anachora vijisanduku vyenye mishale. Kulia, dada anabofya kikokotoo. Kikokotoo cha nini kwenye Kumbukumbu na Kujifunza? Hapo tumbo likaanza kujua kabla ya kichwa. Nikalifunua jalada taratibu, ncha kwa ncha, kama mtu anayebandua plasta kwenye mguu wenye nywele.

Muundo. Wa. Kompyuta.

Nilikuwa nimeshauri kompyuta ipewe upendo.

Na msimamizi naye ndipo anafika na karatasi ya mahudhurio. "Jina?" Nikamtajia. Kalamu yake ikashuka orodha, ikapanda, ikashuka tena. "Halipo." Nikachukua muda kidogo kuamini kwamba sijadisko, yaani sijafukuzwa chuo, kimyakimya. Mama wa watu akachukua kitabu changu cha majibu akaanza kusoma, amesimama hapohapo juu yangu. Ukumbi kimya, unasikia kalamu tu. Akafungua ukurasa wa pili. Wa tatu. Alipofika kwenye kuzimia, mabega yakaanza kutikisika. Akafunika mdomo na orodha ya mahudhurio.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "wewe ni wa kozi gani?"

Nilitaka nami ninong'one. Lakini ile sauti sikuwa nimeitumia tangu jana yake, ikatoka kama jogoo anayebalehe: "SAIKOLOJIAAA!"

Vichwa zaidi ya mia vikainuka. Kuna mtu nyuma alianza kucheka kwa pua, akajizuia, akashindwa. Nikaondoka G kwenda C nimekumbatia kalamu na kitambulisho, na hiyo njia, wapendwa, ina urefu ambao sijawahi kuutembea.

Mengine ni mafupi. Nikapewa mtihani wangu, muda wa kufidia sikupewa. Swali la kwanza lilikuwa la Ebbinghaus na jina likanitoka palepale, nikaandika "yule Mjerumani" mara sita. Nimekabidhi, nimetoka, sapu, ule mtihani wa marudio, ikija ije.

Kinachoniuma ni kwamba mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alionyesha mwaka 1927 kuwa kazi iliyokatizwa hukumbukwa kuliko iliyomalizika. Mtihani wangu siukumbuki hata kidogo. Ule wa watu wa kompyuta nimelala nao usiku kucha. Jibu ni mbili kwa kipeo cha 33, mkiulizwa.

Leo asubuhi napita koridoni nimeinamisha kichwa, kijana nisiyemjua kabisa, begi mgongoni, akasimama akanitazama kwa upole.

"Kaka, vipi, umeme umerudi?"

Nikamwambia bado unakatikakatika.