Geti Limefungwa Vizuri. Sasa Tutokee Wapi?

Ingia chuo kikuu chochote Nairobi leo na utakaguliwa. Mlinzi atakupapasa na kile kifaa cha kutambua vyuma, atachungulia mkoba, atadai kitambulisho. Hakuna wa kumlaumu. Tangu tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, geti limekuwa jambo zito. Ila tumelibana hilo geti tukasahau nusu ya kazi. Tunajua vizuri nani asiingie. Waliomo ndani watatoka vipi, na kwa dakika ngapi, tumemwachia keateka, yule mtunza jengo, na funguo zake.

Mwaka huohuo ulitupa mafunzo mawili na hatukuyashika. Siku 10 baada ya Garissa, alfajiri, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakarukia madirishani. Mmoja alifariki, zaidi ya mia wakaumia. Kilichowaumiza ni kule kukimbia. Kisha tarehe 30 Novemba, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la usalama lenye milio ya risasi. Watu waliruka kutoka ghorofani na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha. Mtu ambaye hajawahi kuonyeshwa njia ya kutoka huiona moja tu, nayo ni dirisha.

Kinachokera zaidi ni kwamba kanuni za wazi za bweni tunazo, lakini zimeandikiwa shule. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka bweni liwe na mlango kila mwisho na mwingine wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje, nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2, na madirisha yasiwe na grili. Shule nyingi huukiuka, hilo linajulikana. Lakini angalau umeandikwa. Kijana akimaliza kidato cha nne akaja kupanga hosteli katika mitaa ya Nairobi kama Ngara, Roysambu au Madaraka, anakutana na grili kila upande na hakuna anayeshangaa.

Hebu tuitazame hosteli yenyewe, saa nane usiku, moto ukizuka. Ngazi ni moja. Chini kuna geti la chuma lenye kufuli, na ufunguo uko kwa mlinzi, ambaye huenda ametoka kununua chai. Juu, mlango wa kwenda kwenye paa umefungwa pia, kwa sababu nguo zilizoanikwa huko huibiwa. Madirisha yana grili zilizochomelewa moja kwa moja ukutani. Moshi hupanda na ngazi hiyohiyo kama bomba la jiko. Gari la zimamoto likitoka Tom Mboya Street hata barabara ikiwa nyeupe, dakika za kwanza ni zenu wenyewe.

Marekebisho yake hayahitaji mkandarasi. Geti la ngazi liondolewe kufuli, liwekwe komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo, na bati lichomelewe kulizunguka ili mkono wa nje usilifikie. Kwa vyumba vya chini na ghorofa ya kwanza, fundi wa kuchomelea akate sehemu ya grili, kama sentimita 60 kwa 80, aitie bawaba na komeo la ndani. Kwa walio juu zaidi dirisha si njia. Wao wanahitaji mlango wa paa unaofunguka. Kuibiwa jinzi kunauma, lakini mbona tunaweka kufuli kubwa kwenye kamba ya nguo kuliko kwenye maisha?

Moto wenyewe huanza chumbani. Meko ya kilo 6 hukaa karibu na kitanda, na tatizo lake la kawaida ni mpira mdogo pale burner inapofungwa kwenye mtungi: ukichakaa, gesi huvuja. Paka povu la sabuni pale kwenye kiungo. Likitoa mapovu, usiwashe. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama sakafuni, chini ya kitanda. Fungua mlango, funga valvu, na swichi ya taa usiiguse. Upande wa umeme, soketi ya ampea 13 hubeba wati kama 3,000. Birika la wati 2,000 na koili ya 1,500 kwenye ekstensheni moja tayari mmevuka, na waya wa ekstensheni za bei ya chini huwa mwembamba, huenda usihimili hata hizo.

Mtungi wa kuzimia moto? Mshale uwe kwenye kijani, na usifungiwe ofisini kwa keateka. Poda huisha ndani ya sekunde chache, basi ni ya kuzimia pipa la taka na si chumba kinachowaka.

Sasa mazoezi. La kwanza lifanywe mchana, na kila mtu aambiwe siku na saa. Mambo ya kushtukiza na milio bandia tuyaache. Tumeshaona matokeo yake. La pili liwe saa nne usiku, taa za ngazi zikiwa zimezimwa, kwa sababu hapo ndipo hitilafu hujitokeza: mlinzi wa zamu ya usiku hajui kengele iko wapi, ndara zinamtoka mtu ngazini na wa nyuma anajikwaa, mwingine anarudi kuchukua laptopu. Kila ghorofa iwe na mtu mmoja mwenye orodha ya vyumba, ahesabu watu kwenye uwanja, si getini, maana geti ndilo gari la zimamoto litakalopitia. Mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu apewe chumba cha chini tangu siku ya kwanza.

Vyuo hujitetea kwamba hosteli za nje si zao. Sawa, lakini wanaolala humo ni wao. Ofisi ya mlezi wa wanafunzi inaweza kuzikagua mara moja kwa mwaka, ibandike orodha ya zilizofaulu, basi. Mwenye nyumba asiyeona jina lake hapo atamtafuta fundi mwenyewe.

Wazazi nao wanapokuja na godoro juu ya gari huuliza maji, Wi-Fi na umbali wa stejini. Waongeze ombi moja: keateka afungue njia ya dharura hapohapo wakiwa wamesimama. Akisema ngoja nikatafute ufunguo, godoro lisishushwe.