Sam hakuwa mjinga, Ruby ndiye aliyekuwa fundi

Watazamaji wengi wa Supernatural, tamthilia ya televisheni ya Kimarekani kuhusu ndugu wawili wanaowinda mapepo, humlaumu Sam Winchester kwa kumwamini Ruby, pepo aliyekuja kumsaliti. Pepo ni pepo, wanasema, angetarajia nini? Sikubaliani nao. Urudie msimu wa 4 (2008–2009) ukiwa unajua mwisho wake, uone jinsi uongo wa Ruby ulivyo mchache.

Kisu chake kinaua mapepo kweli. Dean, kaka yake Sam, alipokuwa motoni, Sam akageuka mlevi anayetafuta kifo, na Ruby ndiye aliyemwokoa asiuawe na watu wa Lilith, pepo mkuu. Sam alipochukizwa kuona amemwingia binadamu aliye hai, Ruby akaenda kutafuta mwili wa mgonjwa ambaye roho ilikwisha kumtoka. Hata ahadi ya msimu wa 3, kwamba angeweza kumwokoa Dean asiende motoni, alikiri mwenyewe mbele ya Dean kuwa ilikuwa uongo. Hapo waandishi walicheza vizuri sana: aliyekwisha kukiri uongo mmoja, nani atamshuku wa pili?

Alichoficha hasa ni kwamba kifo cha Lilith ndicho muhuri wa 66, wa mwisho kati ya ile iliyomfungia Lusifa asitoke. Sam alitaka Lilith afe, Ruby vilevile, kwa hiyo msaada wote aliotoa ulikuwa msaada kweli. Na damu ya pepo, ambayo Ruby alimnywesha Sam ili apate nguvu dhidi ya mapepo? Mwishoni Ruby anamwambia Sam kwamba nguvu zilikuwa zake tangu awali. Lakini damu hiyo ilimpa Sam siri ya kumficha kaka yake, na siri hiyo ndiyo iliyowatenganisha.

Ninacholalamikia ni ule ujumbe wa simu. Sam anasitasita, Dean amemwachia maneno ya kuomba radhi, kisha ujumbe unachezewa na kuwa matusi. Uamuzi uliopaswa kuwa wa Sam ukachukuliwa na hila ya mtu mwingine, na kosa lake likapungua uzito bila sababu.

Castiel wa msimu wa 6, malaika rafiki wa ndugu hao ambaye naye aliwaficha siri, alitendewa vibaya zaidi na waandishi. Sababu za mkataba wake na pepo Crowley tunazipata kwa kina katika sehemu ya 20, kati ya 22. Kabla ya hapo tulikuwa na malaika mwenye haraka tu. Kinachookoa sehemu hiyo ni namna Dean anavyomnasa: Castiel anarudia mzaha kuhusu Superman uliosemwa wakati yeye, kwa wanavyojua wao, hakuwapo.